Hewa Moja, Madaraja Manne

Tarehe 18 Novemba 2024 fahirisi rasmi ya ubora wa hewa mjini Delhi, India, yaani namba inayopanda kadiri hewa inavyochafuka, ilisoma 494. Siku hiyo hiyo, aliyefungua programu ya simu ya kampuni binafsi aliona namba iliyopita 1,000. Mji ni ule ule, moshi ni ule ule, na koo zilizokuwa zikiwasha ni zile zile. Watu wakagawanyika kama wanavyogawanyika kila msimu wa moshi: hawa wakasema serikali inaficha, wale wakasema kampuni zinatia watu hofu ili ziuze mashine za kusafisha hewa. Haikupita miezi minne, Machi 2025, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikaacha kutangaza vipimo vya hewa vilivyokuwa vikichukuliwa kwenye balozi zake sehemu nyingi za dunia, ikitaja ufinyu wa bajeti. Kilio kilichofuata kilikuwa ndugu wa ule ugomvi wa Delhi: sasa namba ya kweli tutaipata wapi?

Swali hilo limejengwa juu ya dhana isiyo sahihi, na kwa kuwa dhana hiyo imeenea, inatufanya tudai dawa isiyotibu. Katika fahirisi za hewa hakuna namba ya kweli. Kuna kipimo cha kweli, na hicho ni kitu kingine. Fahirisi ni hukumu inayotolewa juu ya kipimo, na wanaoitoa ni watu, katika nchi fulani, wakiangalia sheria zao, uchumi wao na kiasi cha uchafu wanachoona wananchi wao wanaweza kukivumilia. Kwa hiyo tofauti ya namba peke yake si ushahidi wa uongo, wala kuziunganisha fahirisi zote ziwe moja hakutaifanya hewa iwe salama. Kinachotuumiza ni kwamba tahadhari zinatuletea hukumu na kutunyima ushahidi.

Tuanze na kinachopimwa. Kituo cha kupima hewa huvuta hewa na kukadiria uzito wa chembechembe laini zilizomo, zile zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au pungufu, ambazo wataalamu huziita PM2.5. Unywele wa binadamu ni mnene kama mara 30 ya chembe ya ukubwa huo, ndiyo maana chembechembe hizi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine kuingia kwenye damu. Jibu la mashine hutolewa kwa mikrogramu katika kila mita ya ujazo ya hewa, na mikrogramu 50 ni mikrogramu 50 popote ulipo. Baada ya hapo ndipo linapoingia jedwali, linalozigeuza mikrogramu kuwa fahirisi, rangi na neno la daraja. Mwalimu anaweza kusahihisha mtihani kwa haki kabisa na kumpa mwanafunzi alama 58, lakini kama alama hizo ni daraja la pili au la tatu, hilo halimo kwenye karatasi ya mtihani. Limo kwenye jedwali la baraza la mitihani, na baraza jingine lingempa daraja jingine kwa alama zile zile bila mtu yeyote kudanganya.

Sasa chukua hizo mikrogramu 50 kama wastani wa saa 24, uzipitishe kwenye majedwali manne. Kwa jedwali la Marekani utapata fahirisi ya kama 137, rangi ya machungwa, hewa isiyofaa kwa watoto, wazee na wagonjwa. Kwa jedwali la India utapata 83, na neno lililoandikwa pembeni ni "ya kuridhisha". China, kwa jedwali lake la mwaka 2012 ninalolitumia humu, itakupa 69, daraja la pili kutoka juu, "nzuri". Uingereza, ambayo mizani yake inaanzia 1 na kuishia 10, itakupa 6, "wastani". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliotolewa Septemba 2021 unasema wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15, isipokuwa siku tatu au nne kwa mwaka. Serikali nne zimeitazama hewa yenye uchafu unaozidi mara tatu ya mwongozo huo, na mbili kati yake zimewaambia wananchi kwamba mambo si mabaya.

Hapo msomaji ataharakisha kuhitimisha kwamba India imejitengenezea mizani ya kujipendelea. Asubiri kidogo. Ongeza uchafu uwe mikrogramu 100. Sasa jedwali la India linatoa kama 233, la Marekani 182, la China 131. Fika mikrogramu 250: India 400, Marekani kama 350, China 300. Ile mizani tuliyoiona ni laini ndiyo sasa inayopiga kelele kuliko zote. Na ile ya Uingereza, iliyoonekana kuwa katikati, ilikwisha kugonga dari yake kwenye mikrogramu 71. Kutoka hapo siku mbaya na siku ya maafa zote ni 10. Kila mizani ina umbo lake. Ipo inayoamka mapema na ipo inayochelewa kuamka kisha ikakimbia, na huwezi kusema ni ipi kali na ipi laini kabla ya kutaja ni uchafu wa kiasi gani unaouzungumzia. Ulinganisho mwingi tunaoletewa, wa mji huu kuwa na 180 na ule kuwa na 230, hauelezi chochote mpaka ujue kila namba imepita kwenye jedwali la nani.

Hukumu yenyewe hubadilika hata ndani ya nchi moja. Tarehe 6 Mei 2024 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilianza kutumia jedwali jipya. Ukomo wa rangi ya kijani ulishushwa kutoka mikrogramu 12 hadi 9, na mpaka wa kuingia daraja la "mbaya sana" ukashushwa kutoka 150 na ushei hadi 125 na ushei. Aliyelala akiwa na hewa ya mikrogramu 11 alilala kwenye kijani na kuamka kwenye njano, ingawa hakuna kiwanda kilichoongeza moshi usiku ule. Korea Kusini ilifanya jambo kama hilo Machi 2018 ilipoamua kwamba neno "mbaya" lianzie mikrogramu 36 badala ya 51. Thailand nayo ilishusha kiwango chake cha saa 24 kutoka 50 hadi 37.5 mwaka 2023. Mabadiliko yote hayo matatu nayaunga mkono, yalifuata ushahidi wa kitabibu. Lakini mtu aliyekuwa akifuatilia rangi peke yake angeapa kwamba hewa ya nchi hizo iliharibika ghafla.

Turudi Delhi. Fahirisi rasmi ya India ni wastani wa saa 24, na imewekewa ukomo wa 500. Programu nyingi za kigeni hutumia jedwali la Marekani, huchukua kipimo cha saa moja au cha saa chache zilizopita, na mstari ukifika 500 huurefusha uendelee mbele. Ukilinganisha saa mbaya kuliko zote za asubuhi, iliyopitishwa kwenye jedwali la nchi nyingine na kurefushwa kupita mwisho wa jedwali hilo, na wastani wa usiku na mchana uliofungiwa ndani ya 500, namba hizo haziwezi kukutana hata kama pande zote zina nia njema. Dai kwamba tofauti ile ni uthibitisho wa udanganyifu ndilo dai dhaifu kuliko yote katika mjadala huu, na ni hesabu ya darasani inayolimaliza. Hilo haliisafishi mamlaka. Namba inayogota kwenye 500 haiwezi kueleza tofauti kati ya siku mbaya sana na siku iliyo mbaya mara mbili yake, na mwananchi aliyeko chini ya moshi huo ana haki ya kuijua tofauti hiyo. Ila dawa yake ni kumwonyesha mikrogramu, si kumwazimia jedwali la Washington.

Uongo wa kweli kuhusu hewa, unapotokea, hutokea mahali pengine kabisa. Mwaka 2016 katika mji wa Xi'an nchini China, maofisa wa mazingira waliziba kwa pamba mdomo wa mashine ya kupimia hewa ili isome uchafu mdogo. Waligunduliwa, wakashtakiwa, na mwaka uliofuata wakahukumiwa. Fikiria kwamba wakati ule dunia nzima ingekuwa inatumia fahirisi moja, nzuri, yenye mipaka mikali ya kitabibu. Ingesaidia nini? Pamba ilikuwa kwenye mashine. Jedwali lolote, liwe la nchi gani, lingeupokea uongo ule na kuupaka rangi ya kupendeza. Kinachoweza kuufichua uongo wa namna hiyo ni mashine ya pili, iliyo karibu, isiyokuwa chini ya mamlaka ile ile.

Ndiyo maana naona watu walilia kitu kisicho chenyewe ubalozi wa Marekani ulipozima matangazo yake. Mashine iliyowekwa kwenye ubalozi wa Beijing mwaka 2008 ilileta mabadiliko kwa sababu ilikuwa jicho la mtu wa nje. Januari 2013 iliposoma 755 kwenye mizani iliyokusudiwa kuishia 500, hakuna aliyeweza kuendelea kuita hali ile ukungu, na mwezi huo huo miji 74 ya China ikaanza kutangaza vipimo vyake vya PM2.5. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliangalia miji mbalimbali duniani iliyopata mashine za balozi hizo, ukakuta chembechembe zilipungua kwa mikrogramu 2 hadi 4 katika kila mita ya ujazo baada ya matangazo kuanza. Watu walipoona, walidai. Walipodai, kitu kikafanyika. Fomula ya Marekani yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuitumia leo. Kilichoondoka Machi 2025 ni jicho la pili, na hilo halirudishwi kwa mkutano wa kuoanisha fahirisi. Linarudishwa kwa vyuo vikuu, halmashauri na taasisi huru kupewa mashine na ruhusa ya kutangaza bila kuomba kibali cha yule anayepimwa. Vipimaji vidogo vya bei nafuu vinasaidia kuziba mapengo, mradi tukumbuke kwamba vingi hukadiria chembechembe kwa mwanga, na unyevu ukiwa mwingi chembe huvimba na kipimo hupanda kuliko hali halisi. Vinahitaji kusahihishwa kwa kulinganishwa na mashine kubwa.

Suala la muda linastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo tahadhari hushindwa kazi yake ya msingi. Uingereza na India hutumia wastani wa saa 24 kwa chembechembe. Canada hutumia wastani wa saa tatu. Marekani hutumia hesabu ya saa 12 inayozipa uzito mkubwa saa za karibuni hewa inapobadilika kwa kasi. Katika mji ambao uchafu wake unatoka kwenye magari na viwanda, hewa ya leo hufanana na ya jana, na wastani wa saa 24 haudhuru sana. Moshi wa moto wa misitu hauendi hivyo. Tarehe 7 Juni 2023 moshi kutoka Canada uliingia New York na ndani ya saa chache fahirisi ikapita 400. Mizani ya saa 24 katika hali kama hiyo inaishi jana: inasema hewa ni ya wastani wakati jua limekwisha kuwa jekundu, kisha siku ya pili, upepo umegeuka na anga ni safi, inawaambia watu wajifungie ndani. Mtu akidanganywa hivyo mara mbili hatasikiliza mara ya tatu, na mimi siwezi kumlaumu. Canada yenyewe ililijua tatizo hili kwa upande mwingine. Fahirisi yake hujumlisha hatari ya vichafuzi vitatu kwa pamoja kwa kufuata mchanganyiko wa kawaida wa mijini, na mchanganyiko huo haufanani na moshi wa misitu, kwa hiyo jimbo la British Columbia likaongeza kanuni kwamba chembechembe za saa moja zikipanda sana, hizo ndizo zitawale namba.

Dada mmoja ninayemfahamu, mama wa mtoto mwenye pumu, aliwahi kunishikisha simu yake yenye programu mbili. Moja ilikuwa ya njano, nyingine nyekundu. "Kaka, mimi sitaki hesabu," aliniambia. "Niambie tu mtoto acheze nje au asicheze." Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu hakuna kati ya zile mbili iliyotaja ni kichafuzi gani kilichopandisha namba, wala ni cha saa ngapi. Fahirisi nyingi, zikiwemo za Marekani, India, China na Uingereza, humpa mwanafunzi daraja kwa somo alilofanya vibaya kuliko yote: hupima vichafuzi kadhaa, kila kimoja hupewa namba yake, na ile kubwa ndiyo inayotangazwa. Kama kilichotawala ni ozoni, inayotengenezwa na jua kali likikutana na moshi wa magari na kemikali nyingine, basi huwa mbaya zaidi alasiri, ndani ya nyumba huwa pungufu, na barakoa ya kuzuia chembechembe haifui dafu kwa sababu ozoni ni gesi. Mtoto angeweza kucheza asubuhi. Kama kilichotawala ni PM2.5, barakoa nzuri na chujio la hewa vinasaidia, lakini kufunga dirisha peke yake hakutoshi kwani chembe zile hupenya, na asubuhi tulivu isiyo na upepo inaweza kuwa ndiyo saa mbaya. Namba moja, mashauri mawili yanayokinzana. Ilikuwa lazima nikatafute mikrogramu kwenye ukurasa wa ndani kabisa wa tovuti ya mamlaka ndipo nimjibu.

Wapo wanaosema: basi tuwe na fahirisi moja duniani, tumalize. Hoja yao si ya kudharau. Moshi hauombi visa. Juni 2013 moshi wa moto uliowaka Sumatra, kisiwa cha Indonesia, uliifunika Singapore na Malaysia kwa pamoja. Singapore ilifikia 401 kwenye mizani yake, na mji wa Muar nchini Malaysia ukapita 700 kwenye mizani nyingine hadi hali ya dharura ikatangazwa, na wakati huo fahirisi hizo mbili hazikuwa zimeingiza PM2.5 katika hesabu. Singapore iliiingiza mwaka 2014, Malaysia mwaka 2018. Majirani chini ya moshi mmoja walihitaji lugha moja na hawakuwa nayo. Mtu anayesafiri anahitaji lugha moja. Mtafiti naye anaihitaji. Hayo yote ni kweli.

Lakini lugha moja tunayo tayari, nayo ni mikrogramu. Tukihamisha umoja kutoka kwenye kipimo kwenda kwenye hukumu, lazima tuulize hukumu ya nani itashinda. Historia inatupa mfano ambao watetezi wa fahirisi moja hawapendi kuutaja. Desemba 2015 Beijing ilitangaza tahadhari nyekundu kwa mara ya kwanza. Shule zikafungwa na nusu ya magari yakazuiwa barabarani. Wakati huo kigezo kilikuwa fahirisi inayotabiriwa kupita 200 kwa siku tatu au zaidi. Februari 2016 kigezo kikabadilishwa: sasa ilitakiwa ipite 500 kwa siku moja, au 300 kwa siku mbili mfululizo, au 200 kwa siku nne. Na sababu iliyotolewa? Kuoanisha vigezo vya Beijing na vya majirani zake, Tianjin na Hebei. Walipokaa mezani ili wawe na mstari mmoja, mstari haukumfuata aliye mkali. Sioni kwa nini meza ya nchi karibu 200 itende tofauti. Nchi ambazo siku zao nyingi zingegeuka nyekundu zitapigania mstari mlegevu, na zitaupata, kisha mstari huo utapewa heshima ya kimataifa ambayo leo hakuna jedwali la nchi moja lililo nayo.

Hapo hoja nyingine huinuka, na hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote: tusijadiliane, tuchukue mwongozo wa WHO uwe mstari wa kila nchi. Kiafya wako sahihi. Tatizo ni kwamba WHO yenyewe inasema asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa isiyofikia miongozo yake. Tahadhari inayowaka kila siku, mwaka mzima, karibu kila mahali, inaacha kuwa tahadhari. Mtoto mwenye pumu anahitaji kujua kwamba leo ni mbaya kuliko jana, na mizani iliyokwisha kujaa nyekundu haiwezi kumwambia. Wanaotetea majedwali ya kitaifa hutumia hoja hii hii, na hapo naachana nao, kwa sababu wanaitumia kuficha jambo zito zaidi.

Fikiria mji ambao hewa yake ni mikrogramu 25 kila siku, siku 365, bila kupanda wala kushuka. India itauita "mzuri" kila siku. China itauita "bora kabisa". Uingereza itaupa 3, uchafu "mdogo". Marekani itaupa 81, ya njano, na wengi huisoma njano kama ruhusa. Hakuna tahadhari hata moja itakayotolewa katika mji huo. Na watu wake watakuwa wanavuta uchafu mara tano ya mwongozo wa WHO wa wastani wa mwaka, ambao ni mikrogramu 5. Madhara makubwa ya PM2.5 kwa moyo, mapafu na ubongo hutokana na kuivuta miaka mingi mfululizo, wala hayasubiri siku zile mbili tatu za moshi mzito zinazopigwa picha. Fahirisi ya kila siku imetengenezwa kwa ajili ya dharura, na kwa umbile lake haina neno la kusema kuhusu mji wa namna hii. Kosa si la fahirisi. Kosa ni letu tunaoichukulia kimya chake kama cheti cha afya.

Je, mstari ukichorwa hapa au pale kuna tofauti gani kwa mtu wa kawaida? Kuna tofauti kubwa, na watafiti wa Toronto waliionyesha kwa njia ninayoiona ya werevu. Walilinganisha siku ambazo fahirisi ilivuka kidogo tu kigezo cha kutoa tahadhari na siku ambazo ilikaribia bila kuvuka. Hewa ya siku hizo ilikuwa karibu sawa. Kilichotofautiana ni kama wananchi waliambiwa au hawakuambiwa. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba siku za tahadhari, wagonjwa wa pumu waliokimbizwa idara ya dharura walipungua kwa takriban asilimia 25. Kwa magonjwa mengine mengi waliyoyachunguza hawakuona nafuu hiyo. Matokeo haya yanakata pande mbili, na ni haki kuyataja yote mawili. Tahadhari si dawa ya uchafuzi. Lakini kwa wenye pumu, neno lenyewe lilikuwa kinga, na aliyechora mstari alikuwa, bila kuwajua, anachagua ni nani ataambiwa.

London kuna mama aliyeishi upande wa pili wa mstari huo. Binti yake, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa, baada ya mashambulizi makali ya pumu ya mara kwa mara, wakiwa wanaishi jirani na barabara kubwa yenye magari mengi. Desemba 2020 afisa aliyechunguza kifo hicho aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kumuua, jambo ambalo halikuwahi kuandikwa kwa mtu yeyote nchini Uingereza. Akaongeza kwamba mama hakuwa amepewa taarifa kuhusu hatari ya hewa kwa pumu ya mwanawe, na kwamba kama angepewa, angechukua hatua ambazo huenda zingezuia kifo hicho. Uingereza ilikuwa na fahirisi wakati wote huo. Ilikuwa na vituo, majedwali na rangi. Hakuna kati ya hivyo kilichomfikia mama huyo katika umbo la jambo la kufanya.

Wapo watakaoniambia kwamba nazungumzia taarifa wakati kinachotakiwa ni kuzima moshi, na kwamba tahadhari ni njia ya serikali kuutua mzigo kwa mwananchi: kaa ndani, nunua barakoa, usikimbie. Fundi wa ujenzi hawezi kukaa ndani. Mwendesha pikipiki hawezi. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, na ndiyo sababu siukubali mjadala wa fahirisi uachwe kwa wataalamu wa takwimu. Madaraja haya hayabaki kwenye simu. Delhi ina mpango wa hatua unaopanda kwa ngazi za fahirisi: 201, 301, 401, na zaidi ya 450. Katika ngazi za juu ujenzi husimama, malori huzuiwa, shule huhamia mtandaoni. Kwa hiyo mstari ni sheria. Ukiusogeza kidogo, kuna siku ambazo fundi atapoteza kibarua na siku ambazo mtoto atavuta moshi, na pande zote mbili zinastahili kujua ni nani aliyeusogeza na kwa hoja gani.

Kwa hiyo madai yangu hayahusu kuunganisha rangi. Kila nchi ibaki na madaraja yake kwa ajili ya hatua zake, lakini kila tahadhari inayotoka itaje kichafuzi kilichotawala, mikrogramu zake, wastani ni wa saa ngapi, mwongozo wa WHO kwa muda huo ni upi, na ushauri unaolingana na kichafuzi hicho hasa. Pembeni yake uwekwe wastani wa miezi 12 iliyopita, ili mji wa mikrogramu 25 usijifiche nyuma ya siku zake za kijani. Kampuni za programu nazo zitaje zinatumia jedwali la nani. Taarifa hizo zote zipo tayari kwenye mitambo ya mamlaka kabla rangi haijatengenezwa. Zinapotea njiani kuja kwetu. Na siku serikali yoyote itakapobadilisha jedwali lake, kwa kukaza au kulegeza, ichapishe siku hiyo hiyo mwaka mzima uliotangulia ukihesabiwa kwa majedwali yote mawili, la zamani na jipya, ili kila mtu aone ni siku ngapi zilizohama rangi, na zimehamia upande gani.